Yao ya Waphuthai si ngoma ya burudani

Kwa Waphuthai wa kaskazini-mashariki mwa Thailand, mgonjwa asiyepona huenda akafanyiwa yao, yaani tambiko la uponyaji. Mganga wake, aghalabu mwanamke, huitwa mo yao. Sinia la sadaka huwa na jozi 5 za mishumaa na jozi 5 za maua, pamoja na yai bichi, mchele na pombe. Khaen, ala ya mianzi ya kupuliza, ikianza kulia, mganga huimba akiuliza: mzimu gani umekasirika, unataka nini? Jamani, mpigaji khaen asiye hodari huiharibu shughuli nzima, kwani sauti ya mganga huegemea ala hiyo. Nawasihi msiliite tambiko hili uchawi. Hapo wazee waliotangulia wanabembelezwa. Mzimu ukishaahidiwa kitu, familia hukitoa, ikihofia ugonjwa kurudi.