Mteja mkorofi barazani

Mpwa wangu, miaka 17, kapata kibarua chake cha kwanza: duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, hapa Tanga. Wiki nzima tumefanya mazoezi barazani, mimi mteja mkorofi, yeye muuzaji. "Nipe misumari!" Akainuka mbio. Nikamrudisha: ya inchi ngapi? Kilo ngapi? Na chenji ihesabiwe mbele ya mteja. Salamu sikumfundisha, mtoto wa Tanga huyu. Simu ndiyo ilitutoa jasho. "Shangazi, nachungulia tu!" Nikamnyang'anya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, nami mifuko ya saruji ya kilo 50 nimempiga marufuku. Jana katoka na baiskeli saa moja kasoro, kalamu sikioni.