Kugeuza data ya bainari kuwa arei kwenye PHP, na zile namba za ajabu zilizonitoka

Wiki hii nilikuwa na kazi ambayo ukiisikia unaona ndogo tu, mtu anapakia picha ya PNG kwenye seva na mimi nataka kujua upana na kimo chake kabla sijaihifadhi. Najua fankisheni ya PHP ya getimagesize ipo na inafanya hiyo kazi vizuri, ila nilitaka kuzisoma baiti mwenyewe kwasababu baada ya hapo zilikuwa zinanisubiri faili za kifaa cha kupima joto, na hizo hakuna fankisheni iliyoandaliwa, nisipoelewa hapa kule nakwama.

Cha kwanza kushika ni kwamba stringi ya PHP ni baiti tu zimejipanga foleni. strlen inahesabu baiti, haihesabu herufi. Kwahiyo ukishasoma faili data unayo tayari mkononi, kilichobaki ni kuigeuza iwe namba, na hiyo ndo kazi ya fankisheni ya unpack, ambayo PHP iliichukua kutoka Perl.

unpack('C*', $picha)

Hapo unapata arei, yaani orodha, yenye namba za 0 mpaka 255, kila baiti na namba yake. PNG yoyote inaanza na 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Hizo 80, 78, 71 ni herufi P, N na G, na ile 13 na 10 imewekwa makusudi kabisa, faili likipita mahali panapobadilisha alama za mwisho wa mstari namba hizo zinaharibika na unajua mapema kwamba faili limeharibika njiani. Mimi napenda sana watu wanaofikiria hivyo.

Sasa shida ikaanza. Maelezo ya PNG yanasema upana uko baiti ya 16 hadi ya 19 ukihesabu kuanzia 0, nami nikachukua indeksi 16 hadi 19 kwenye arei nikapata picha yenye upana wa pikseli 1375731715. Nikakaa naiangalia. Kumbe arei ya unpack inaanza indeksi 1, haianzi 0, kwahiyo nilikuwa nimerudi nyuma baiti moja nikaibeba ile 82 ambayo ni herufi R, ya mwisho kwenye neno IHDR, jina la kipande cha kwanza cha PNG, linalokaa kabla ya upana. Ukiipitisha kwenye array_values indeksi zinarudi kuanzia 0, ila bora zaidi usihesabu kwa vidole kabisa, mwambie unpack aanzie wapi na umpe majina:

unpack('Nupana/Nkimo', $picha, 16)

Hiyo namba ya kuanzia ilikuja na PHP 7.1. Na majina usiyaache, ukiandika 'N/N' bila majina zote mbili zinaingia kwenye ufunguo 1, ya pili inaifuta ya kwanza na wala hupewi onyo lolote.

Halafu kuna N na V, hapa watu wengi wanaumia. Zote zinasoma baiti nne, N inaanza na baiti kubwa, yaani yenye uzito mkubwa kwenye namba, V inaanza na ndogo. Upana wa 800 kwenye PNG umeandikwa 0, 0, 3, 32, yaani 3 mara 256 jumlisha 32. Ukiweka V unasoma kinyumenyume unapata 537067520. PNG ni baiti kubwa kwanza, BMP ni ndogo kwanza, na ndani ya baiti zenyewe hamna kitu kinachokuambia, lazima usome maelezo ya hilo faili.

Kingine, usigeuze faili zima kuwa arei kama unahitaji baiti nane tu. Arei ya PHP kwenye mashine ya biti 64 inatumia angalau baiti 16 kwa kila kipengele, kabla ya toleo la 8.2 ilikuwa 32, kwahiyo picha ya megabaiti 10 inakula zaidi ya 160 na kikomo cha kawaida cha memori ni 128, programu inakufa hapohapo. Fungua faili kwa 'rb' (kusoma bainari), soma baiti 24 za mwanzo kwa fread, hakikisha kweli zimefika 24, basi.

Nikahamia kwenye faili za joto. Kila rekodi ni baiti sita, nne za wakati na mbili za joto, kubwa kwanza, nikaandika 'Nwakati/njoto' nikawa nasoma sita sita kwenye lupu na ikaenda vizuri mpaka nilipokuta joto la 65531. Ile ilikuwa -5. Herufi n haijui hasi, na unpack haina herufi ya namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) inayolazimisha baiti kubwa ianze, iliyopo ni s inayofuata mpangilio wa mashine yenyewe, nilipoijaribu kwenye seva yangu, inayoanza na baiti ndogo, ikanipa -1025. Kwahiyo nimebaki na n, na namba ikifika 32768 au kuzidi natoa 65536. Mstari mmoja tu, na siku zote za baridi zimekaa sawa kwenye arei.