Siku yangu moja Moscow: kutembeza wageni kwenye baridi

Watu wa nyumbani wakisikia natembeza wageni Moscow wanaona nalipwa kwa kupiga selfi. Haya, hii ndo siku yenyewe, tena birthday ya Vladimir Vysotsky, yule mwimbaji na mwigizaji wa Urusi, 25 Januari, alizaliwa 1938.

Saa 12 asubuhi naamka, giza, uji wa grechka, nafaka ya huku, soksi pea mbili, metro.

Saa 4 kamili nipo nje ya jumba la maigizo la Taganka kama tulivyokubaliana. Saa 4 na nusu hakuna mtu. Saa 5 kasoro ndo wanashuka kwenye taksi, mzee mmoja wa Dar na mkewe. Ziara ni ya mama, alisoma huku miaka ya themanini akazikuta kaseti za Vysotsky hosteli. Mzee kasindikiza tu, kavaa koti la kuendea benki. Shikamoo yangu haijakauka: "Marahaba kijana, hivi huyu si mwimbaji tu? Red Square tunaenda saa ngapi?"

Mwimbaji tu! Jamani. Huyu mtu aliacha uinjinia akaenda kusomea uigizaji, kamaliza 1960, akaingia hapa Taganka 1964 chini ya mwongozaji Yuri Lyubimov na hapa ndo palikuwa kazini kwake mpaka anakufa. Filamu alikuwa anacheza, nyimbo anaandika, ila jioni anarudi jukwaani. 1971 kapewa Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, anaicheza na sweta jeusi na gitaa, na nyuma yake lile pazia la mbunifu wa jukwaa David Borovsky, pazia la sufu, zito, linatembea jukwaa zima linafagia watu kama vile na lenyewe ni mhusika. Namwonyesha mzee kwa mikono, glavu na nini, yeye yuko kwenye simu anagombana na mtu wa kontena. "We endelea, nakusikia."

Mchana tukaenda mtaa wa Bolshoi Karetny, namba 15, alipokaa Vysotsky utotoni. Mzee kagoma kushuka kwenye taksi. Dakika kumi nzuri kuliko zote siku hiyo, mimi na mama tu.

Foleni ya kwenda makaburini Vagankovo sasa. Mama akamsimulia mumewe kwamba kwenye filamu moja ya Alexander Mitta ya 1976 Vysotsky alicheza Mwafrika, Ibrahim Hannibal, babu wa mama yake mshairi Pushkin, wakampaka rangi nyeusi. Mzee akaweka simu chini. "Kwani Waafrika wenyewe walikuwa wameisha?" Nikakosa jibu, maana chuo cha Lumumba, cha kusomesha wanafunzi wa nje, kilikuwepo hapahapa mjini tangu 1960 na Waafrika tele. Swali la maana kauliza hilohilo moja.

Getini mzee anataka maua matatu. Namwambia, huku wafu wanapelekewa shufwa, witiri ni ya walio hai, chukua mawili au manne. Anaona nimekula njama na muuza maua! Tumebishana hapo sijui robo saa, vidole vya miguu sivisikii, anaomba la nne apewe bure, muuzaji haelewi neno lakini bei anayoikataa anaielewa vizuri kabisa, mwishowe mama akalipia manne kimyakimya.

Kaburi liko karibu na lango, limefunikwa maua, watu wengi, sanamu ina gitaa nyuma ya kichwa na vichwa vya farasi. Nikamwambia mama, Hamlet ya mwisho kaicheza 18 Julai 1980, anaumwa, na tarehe 25 kafa, miaka 42. Mji uko kwenye Olimpiki na bado watu walijaa pale Taganka kumuaga. "Najua, mwanangu," akasema, akainama kuweka maua.

Saa ngapi tulifika Red Square sikumbuki, giza lilishaingia. Picha nimepiga mimi, kama arobaini.

Malipo mzee katoa nusu, "sisi si ndugu, nyingine nakutumia ukifika nyumbani." Nimefika, nimekula, miguu iko kwenye beseni la maji moto. Meseji iliyoingia mpaka sasa ni yake, anaomba zile picha.