Nukta Sita za Alfajiri

Usiku wa nne tangu wodi yetu ya wazazi iache majalada na kuanza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, nilikuwa zamu na mkunga mwenzangu mmoja, na kompyuta pekee tuliyokuwa nayo ilikaa kwenye meza ya wauguzi, mbali na chumba cha kujifungulia. Katika mafunzo ya siku mbili tulifundishwa kumsajili mama na kumfungulia mtoto faili linaloungana na la mamaye. Hatukuambiwa mkunga aandike vipi wakati mikono yake yote miwili ina kazi.

Mama aliyepokelewa saa sita usiku alikuwa na mimba ya kwanza, na mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita sita. Mapigo ya moyo wa mtoto niliyasikiliza kila nusu saa, kama utaratibu unavyotaka: 142, 144, 140, 136, 130, 122. Kila kipimo nilikiandika pamoja na saa yake kwenye kipande cha boksi la glavu nilichokitia mfukoni, nikijiambia kwamba nitakiingiza kwenye kompyuta nikipata nafasi. Tuseme ukweli, hata enzi za karatasi partografu nyingi (chati za kufuatilia mwendo wa uchungu wa kujifungua) zenye mistari ya kupendeza zilijazwa mtoto akiwa ameshaanza kunyonya.

Mtoto alizaliwa saa tisa na nusu, amelegea na hakulia. Nilimkausha na kumsugua mgongo, mwenzangu akampulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Alama ya Apgar, kipimo cha hali ya mtoto mchanga kinachoishia 10, iliyokuwa 5 dakika ya kwanza ikafika 8 dakika ya tano, naye akalia kwa hasira.

Nilipoketi kwenye kompyuta ilikuwa yapata saa kumi na moja alfajiri. Mfumo ulikataa uzito wa 2.9 kwa sababu ulitaka gramu, na badala ya kusema hivyo ulikipaka kisanduku rangi nyekundu tu. Nilijaribu mara tatu ndipo nikaandika 2900. Vile vipimo sita niliviingiza kwa pupa.

Wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi kiongozi alifungua grafu ya mapigo ya moyo. Nukta zote sita zilikuwa zimerundikana wima mahali pamoja, kwa kuwa mfumo hubandika saa ya kuingiza taarifa mpaka mtu aibadilishe mwenyewe.

“Sista,” aliniuliza, “mtoto huyu amepimwa mapigo mara sita ndani ya dakika nne, tena akiwa ameshazaliwa?”

Nilitoa kile kipande cha boksi, kikiwa kimelowa jasho. Alizisoma namba zangu, kisha akazipanga upya kwa kalamu, kila moja kwenye saa yake, na hapo ndipo nilipouona mteremko. Usiku kucha nilikuwa nimeitazama kila namba peke yake, nikaridhika kwamba iko kati ya 110 na 160, kiwango cha kawaida. Sidhani kama 122 ingenifanya nimwite daktari, lakini meza ya kumhudumia mtoto ningeiandaa mapema zaidi.

Mfumo haukuruhusu kufuta, nasi tukaongeza maelezo ya masahihisho chini yake. Mama huyo aliporudi kliniki wiki sita baadaye, mwanawe akiwa amenenepa, nilifungua faili lake nikazikuta nukta zangu bado zimerundikana pale pale, kwenye saa kumi na moja alfajiri.