Siku Babu Alipokataa Kuogeshwa

Mwanangu amerudi jana na habari kwamba darasa lao limegomea uji wa shule. Ulikuwa na wadudu, anasema, wakakubaliana hakuna wa kugusa kikombe. Nikampongeza. Akainamisha kichwa. "Lakini mimi nilikunywa kidogo, Mama. Nyuma ya choo. Njaa iliniuma." Kabla sijajua nicheke au nikaripie, akanigeuzia kibao: "Kwani wewe ulishawahi kugoma?"

Nikamwambia akavue sare.

Babu wa Britz, mtaa wa Berlin nilikokuwa natunza wazee, mnamkumbuka, yule wa kiti cha magurudumu na kofia ya manyoya, aliyekuwa akinisahihisha Kijerumani hata nikipiga chafya. Kuna siku moja yake sijawahi kuisimulia.

Ilikuwa Februari, theluji imeshageuka matope. Sisi watunza wazee tuliitisha mgomo wa siku moja. Mshahara ulikuwa kiduchu, na dakika tulizopangiwa kwa kila mzee hazitoshi hata kusonga ugali. Kwenye mkutano nilipiga kelele kuliko wote. Kijerumani changu hunyooka nikiwa na hasira. Siku yenyewe ilipofika nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa, nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikaenda kazini.

Nilijiambia ni huruma. Nani atamwogesha Babu? (Zamu ya dharura ilikuwepo, na jina la Babu lilikuwa kwenye orodha. Nilijua. Nilijua pia kwamba kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha Mei, na sikutaka jina langu lionekane popote.)

Nikaingia chumbani na beseni la maji ya vuguvugu, taulo begani. Babu akanitazama.

"Leo ni mgomo."

"Ndiyo, Babu. Nimekuja kwa ajili yako."

Akaivuta blanketi mpaka kidevuni, akaishika kwa mikono miwili kama bibi harusi. "Siogeshwi na msaliti."

Nikasimama. Kitambaa kilikuwa kinadondosha matone kwenye zulia, tone, tone, nami sikumbuki kwa nini sikukirudisha kwenye beseni. Babu akaelekeza macho darini, akaanza kughani. Vina vilikuwa vinachekesha, sauti yake haikuwa inacheka. Nilielewa nusu. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Ni shairi la mwanamapinduzi mmoja ambaye kazi yake ni kufuta na kung'arisha taa za gesi za barabarani. Anaandamana na wenzake, kofia kaipindia sikio la kushoto, anajiona hatari kweli kweli. Wenzake wanaanza kuzing'oa taa wajengee vizuizi barabarani. Anawasihi: jamani, hizi taa ndizo ninazozifuta, tukizima raia wataonaje, ziacheni la sivyo mimi sichezi tena. Wanamcheka, taa zinavunjwa. Anaondoka analia, anajifungia nyumbani na kuandika kitabu kuhusu namna ya kufanya mapinduzi huku ukiendelea kufuta taa.

Sasa mimi kwetu ndiye niliyekuwa nafuta chemni ya taa. Kila jioni, kwa gazeti na majivu, kwa sababu mkono wangu ndio pekee uliopenya bila kuipasua. Nikamhurumia yule bwana papo hapo.

"Lakini ana haki, Babu. Taa zikivunjwa, watu wataonaje njia?"

Babu alicheka mpaka akapaliwa. Nikamwinua, nikampiga mgongo taratibu. Hiyo akairuhusu.

Maji yakapoa, naye akanihadithia mtunzi. Erich Mühsam, mtoto wa mfamasia wa Lübeck, aliyefukuzwa shule mwaka 1896 kwa kupeleka habari za shule kwenye gazeti la wasoshalisti. Baba alitaka mtoto wa kupima dawa. Mtoto akaenda kuishi kwa mashairi na mikahawa, Berlin kisha Munich, mfuko mtupu siku zote. Alikuwa anakisti, mtu asiyetaka kutawaliwa wala kutawala, na alisema watu wake ni wazururaji, wezi, makahaba na wasanii. Shairi la taa alilitunga 1907, akawatunukia kwa kejeli wasoshalisti wa Ujerumani, waliokwisha kuzoea viti vya bunge. Yeye mwenyewe hakuwa mfuta taa. Mwaka 1919 aliingia kwenye jamhuri ya mabaraza ya wafanyakazi huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ikadumu wiki chache tu, akahukumiwa miaka 15 jela. Msamaha wa Desemba 1924 ukamtoa. Kuanzia 1927 aliishi hapo hapo Britz, kwenye majengo yaliyopinda kama chuma cha kwato ya farasi, na kibao chake kipo ukutani. Nilikuwa nampitisha Babu mbele yake kila Alhamisi nikidhani anataka kupumzika.

Wanazi walimkamata saa chache baada ya bunge kuungua, Februari 1933. Julai 1934 akakutwa ananing'inia kambini Oranienburg. Wakasema amejinyonga; wafungwa wenzake hawakukubali. Mkewe, Zenzl, akakimbilia Prague, kisha Moscow, kwenye nchi ya wafanyakazi, na huko nako akafungwa miaka mingi. Hapo Babu alinyamaza kidogo. Nadhani zamani alikuwa ameiamini sana nchi hiyo.

Saa tano kengele ikalia. Dada wa zamu ya dharura, beji ya mgomo kifuani. Akanikuta nimevaa koti, nimeshika beseni la maji baridi. Hakuniuliza kitu. Babu akaiachia blanketi mara moja, wakapiga soga za mpira wakati anaogeshwa. Mimi nikaenda kumwaga maji.

Nilipofika mlangoni Babu akaita. "Kesho saa moja. Usichelewe."

Baadaye nilijaribu kulitia shairi lile kwenye Kiswahili. Jina la yule mfuta taa lilinishinda siku nyingi, mpaka likaja lenyewe: mwanamapinduzi uchwara. Kwa maana limekaa sawasawa. Kila nikilisoma kwa sauti, natamani neno lenye huruma kidogo.

Mwanangu sijamjibu bado. Leo asubuhi nimemchemshia mihogo, nikajaza kontena, na vipande vya ziada vya wenzake.

"Mgomo unaendelea?"

"Unaendelea."

Akalitazama kontena, akanitazama mimi. "Sasa nile mbele za watu, au nyuma ya choo?"