Asali ya shangazi na flashi moja

Asali ukiimulika kwa mbele inakuwa nyeusi. Mwanga wa flashi iliyokaa juu ya kamera unagonga kioo cha chupa na kurudi ulikotoka, unaacha doa jeupe kwenye lebo, na kilichomo ndani kinabaki gizani. Shangazi yangu anauza asali ya Sikonge hapa Tabora mjini. Mteja wake wa Dar es Salaam aliona picha kwenye status ya WhatsApp akamwandikia: "Mama, hii ni asali au oili chafu?"

Nilipokwenda kumsalimia, alinipokea na kesi mkononi. "Marahaba. Kaa hapo. Kila Jumamosi mabibi harusi wa watu unawang'arisha, asali ya shangazi yako imekosa nini?"

Vifaa vyangu ni vilevile vya harusini: Canon 600D na lenzi yake ya 18–55, stendi ya miguu mitatu, na flashi ya Yongnuo YN560 III, ambayo inapokea ishara kwa redio kutoka kwenye kidude kinachokaa juu ya kamera. Inakula betri nne ndogo za kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Vingine ni vya dukani na vya nyumbani: manila nyeupe na nyeusi, shuka jeupe, vibanio vya nguo, selotepu. Chini ya chupa niliweka kipande cha ubao wa mninga kutoka kwa fundi seremala. Tabora mtu hakosi kipande cha mninga, na wekundu wake unapatana na asali kuliko kitambaa chochote.

Kwanza niliufukuza mwanga wa chumba. Taa ya dari ni ya njano, wa dirishani una ubluu, na flashi ina weupe wake wa karibu 5500 K (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Vikichanganyika, rangi ya asali huijui tena. Niliweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata (muda ambao kamera inafunguka) 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, nikapiga flashi ikiwa imezimwa. Picha ikatoka nyeusi tii, na ndivyo nilivyotaka. Wapo wanaodhani ukiongeza kasi ya shata flashi nayo inafifia. Hapana. Kwa nguvu nilizotumia, mwako wake ni mfupi kuliko hiyo 1/200, kwa hiyo shata inaubana mwanga wa chumba tu. Flashi unaiongoza kwa tundu, kwa ISO na kwa nguvu yake yenyewe. Ila kwa kamera hii usivuke 1/200, maana pazia la shata litafunika sehemu ya picha na utapata mkanda mweusi. Na usipige ukitazama skrini ya nyuma, chungulia kwenye kitundu cha kutazamia, la sivyo flashi isiyo ya Canon haiwaki.

Kazi kubwa iko nyuma ya chupa. Nilikata kipande cha manila nyeupe, chembamba kidogo kuliko chupa, nikakisimamisha nyuma yake kikiwa kimeinama kidogo kuelekea juu. Flashi niliiweka nyuma upande wa kushoto, juu ya usawa wa chupa, ikipita kwenye shuka nililolibana kwenye migongo ya viti viwili. Mwanga unapiga manila, unarudi mbele ukipenya asali, na asali inawaka kwa ndani. Kamera isione hata ukingo wa hiyo manila. Na hapa uwe mvumilivu, kwa sababu chupa ya mviringo iliyojaa asali nayo ni lenzi: inavuta vya pembeni na kuvigeuza kushoto-kulia. Ukisogeza manila kidole kimoja tu, kivuli kinahama upande mwingine wa chupa. Nilikuwa naisogeza huku nikichungulia, mpaka katikati ikawa rangi ya kahawia inayong'aa na kingo mbili zikabaki na mstari mwembamba mweusi. Mstari huo usiufute. Ndio unaoonyesha kwamba kile ni kioo.

Shuka nalo lina kazi ya pili. Kioo kinaonyesha chochote kilicho mbele yake, kwa hiyo shuka lilijichora ubavuni mwa chupa kama utepe mrefu mweupe. Nikivuta kiti mbele, utepe unaingia kwenye lebo. Nikikirudisha nyuma, unakaa pembeni na kuipa chupa umbo. Lebo ilikuwa bado na giza, basi nikasimamisha manila nyingine nyeupe mbele upande wa kulia, nje ya picha, irudishe mwanga kidogo. Manila nyeusi ikakaa kati ya flashi na lenzi, mwanga usiingie moja kwa moja.

Nguvu ya flashi niliianzia kwenye 1/8 ya nguvu yake yote. Nilipoisogeza mbali mara mbili ya pale ilipokuwa, ili shuka lienee mwanga sawasawa, nililazimika kupanda hadi 1/2, kwani umbali ukiwa mara mbili mwanga unaofika ni robo tu.

Kisha tukataka picha ya asali ikitiririka kutoka kwenye kijiko cha mti. "Shangazi, mimina taratibu," nikamwambia.

"Taratibu gani tena, mwanangu? Asali yenyewe umeiona ina haraka?"

Alikuwa na haki. Kusimamisha mwendo hakukunisumbua. Kilichosumbua ni viputo. Asali iliyotoka kumiminwa inajaa viputo, na mwanga wa nyuma unavionyesha vyote, kama unavyoonyesha alama za vidole na vumbi letu la kiangazi. Chupa za picha tuliziacha zitulie, nikazifuta kwa kitambaa safi cha pamba na kuzishika kwenye kifuniko tu. Moja ilikuwa imeanza kuganda. Tuliiweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ikalegea.

Mwanga huo ulifichua kingine: vipande vya nta vilivyokuwa vinaelea kwenye chupa mbili. Shangazi akaniomba nivifute kwenye kompyuta. Doa la kioo nalifuta bila wasiwasi, lakini kilichomo ndani ya bidhaa mteja atakikuta nyumbani kwake, hivyo nikakataa. Akaguna, akaingia jikoni, akaichuja upya kwa kitambaa. Picha alizozichagua mwishoni zilikuwa za chupa hizo hizo.

Nilimtumia kama faili, si kama picha ya kawaida, ili WhatsApp isizibane. Sasa jirani yake anataka nimpigie siagi ya karanga. Hiyo haipitishi mwanga, manila ya nyuma haitakuwa na kazi. Flashi nitaileta ubavuni, karibu kabisa na shuka, nione mikunjo ya juu inavyokaa.