Siku Greda Lilipozimwa

Kwenye ramani niliyopewa Nairobi, eneo la mradi lilipakwa rangi moja ya udongo na kuandikwa juu yake: jangwa, halina matumizi. Ekari 150 kaskazini mwa Kenya, za kuweka paneli za sola. Mimi mtoto wa Malindi, ngamia niliowajua ni wale wanaopandwa na watalii ufukweni, kwa hiyo niliiamini ramani.

Nilikuwa afisa mazingira wa mkandarasi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini na upate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya jembe kugusa ardhi, halafu ukaguliwe kila mwaka. Ripoti yetu ilikuwa nene, imeandikwa vizuri. Tatizo ni kwamba greda halisomi ripoti.

Nilipofika, theluthi ya eneo ilikuwa imeshakwanguliwa, imebaki nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Udongo wa huko una gamba jembamba juu, linashikwa na vijidudu na mizizi ya nyasi ambazo mgeni hazioni kwa kuwa zimekauka. Ukilivunja, chini yake ni unga. Na kwa kuwa ilikuwa majira ya kusi, ule unga haukukaa. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alinijia na maziwa ya ngamia, akanimiminia kwenye kifuniko, akasema, "Bwana mazingira, hebu onja." Chini ya kifuniko palikuwa na tope.

Nikafanya nililofundishwa chuoni: nikaagiza boza la maji limwagie barabara. Lita 10,000, safari mbili kwa siku, kutoka kisima kilekile cha kijiji. Vumbi likapungua kweli. Siku ya tano mzee mmoja akaja na fimbo yake mabegani, akasimama langoni hadi nikatoka.

"Adeer," akaniita. Kwa Wasomali baba mdogo humwita mtoto wa nduguye kwa jina lilelile analoitwa yeye, na mwanzoni nilidhani ananikejeli. "Adeer, vumbi linakunywa kabla ya mbuzi wangu?"

"Nisamehe, mzee. Sikuangalia foleni ya kisimani."

"Basi kesho njoo uangalie na mengine."

Jioni ile nilisimamisha boza. Meneja wa eneo aliniuliza kwa ruhusa ya nani, na mpaka leo sina jibu zuri. Kesho yake alfajiri tukatembea, mzee mbele, mimi na injinia mchoraji nyuma. Ndani ya zile ekari 150 alitutajia majina ya sehemu kumi na moja. Kilichonitia jasho ni laga mbili, yaani mito ya msimu, ambazo kwenye mchoro wetu zilikuwa ardhi tambarare. Ukizitazama huoni mto, unaona mchanga mlaini kidogo na migunga iliyojipanga mstari. Moja tulikuwa tumeanza kuimwagia kifusi. Ya pili ilikatwa na uzio. Na katikati ya safu za paneli ilipita njia ya ngamia kwenda kisimani, imekanyagwa hadi imekuwa mfereji.

Kwenye baraza, wazee hawakuzungumzia mimea. Walizungumzia Loiyangalani. Kule Marsabit kuna mradi wa upepo wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikutolewa kwa kufuata utaratibu. Wazee walikuwa na habari yote, mpaka mwezi. Niseme ukweli, hoja hiyo ilimgusa meneja kuliko vumbi langu lote. Aliniuliza: kama si greda, ni nini?

Nilikaa usiku mzima na kikokotoo. Dizeli ya greda, boza, kifusi cha kuletwa kwa lori, upande huu. Upande ule, vijana arobaini wa kijiji na mapanga. Vijana hawakuwa ghali zaidi. Walikuwa wa polepole tu, na hilo ndilo lililobishaniwa kwa simu siku tatu. Hatimaye greda likazimwa, likabaki kuchonga barabara moja ya katikati, ambayo tuliimwagia murram na kuweka mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kwingine kote vichaka vilikatwa usawa wa goti, mizizi ikaachwa ardhini, na nguzo za paneli zikapigwa moja kwa moja kwenye udongo bila zege. Mitaro ya nyaya ilifunguliwa vipande vifupi na kuwekewa ubao wa mteremko, kwa sababu kila asubuhi tulikuwa tunakuta kobe ndani. Mmoja alirudi mara tatu. Vijana wakampa jina la injinia.

Kuosha paneli lilikuwa kosa langu jingine. Mara ya kwanza tuliziosha kwa maji ya kisima, saa nne asubuhi, jua limewaka. Yalipokauka zilibaki na utando mweupe wa chumvi, na umeme haukupanda ipasavyo. Maji ya kule ukichemshia chai unayaonja, ningepaswa kujua. Juu ya hayo, kumwagia kioo cha moto maji baridi ni kukiomba kipasuke. Tukahamia kwenye brashi laini za mpini mrefu, kazi ianze kabla ya jua kuchomoza wakati kuna umande kidogo, na maji ya mvua tuliyovuna kwenye matangi tukayaweka kwa vile vinyesi vya ndege visivyotoka kwa brashi. Kisima tukakirudishia wenyewe.

Halafu ikaja mvua ya mwisho wa 2023, ile ya El Niño, iliyofurika kaskazini yote. Sehemu tuliyoikwangua ilichimbika makorongo ya kufika kiunoni, na safu moja ya paneli ikainama. Ile laga tuliyoitia kifusi ilikumbuka njia yake, ikabeba kifusi pamoja na mita kadhaa za uzio. Hatua chache kutoka hapo, palipokatwa kwa panga, maji yalipita juu ya visiki na kuacha majani makavu tu. Nilipiga picha pande zote mbili nikiwa nimesimama mahali pamoja. Picha hizo zimenisaidia kuliko kurasa zote za ripoti.

Mvua ilileta pia mathenge. Huu mti uliletwa Kenya miaka ya nyuma kuzuia jangwa, na unapenda hasa ardhi iliyovurugwa. Uliota kwenye ile theluthi iliyokwanguliwa, ukifuata michirizi ambapo maji hudondoka kutoka kwenye paneli. Tulijaribu mbuzi, wakapanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Tukajaribu kondoo weusi kichwa, wale hawapandi, wakazila nyasi vizuri, lakini wakila maganda ya mathenge huzitawanya mbegu kwa kinyesi. Ikabidi kikundi cha akina mama kilipwe kung'oa miche ingali midogo, kwa kuchimba chini ya shingo ya mzizi, maana ukiikata juu inachipua kwa hasira. Kazi hiyo haijaisha na sidhani itaisha.

Njia ya ngamia tuliirudisha kwa kuusogeza uzio, tukapoteza safu nne. Uzio uliposogezwa, ngamia wenyewe wakakataa kupita: inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa paneli, inanguruma, vioo vinawaka. Wiki mbili walizunguka mbali. Mzee akamleta jike mmoja mkongwe mwenye kengele ya mti shingoni, akampitisha jioni inveta zikiwa zimenyamaza, siku baada ya siku, wengine wakifuata. Sasa wanapita mchana, na tumegombana tayari kuhusu nguzo wanazojikunia.

Mwezi uliopita ulifika mchoro wa awamu ya pili, ekari 90 upande wa mashariki. Laga zimo, zimechorwa kwa bluu na kupewa majina aliyoyataja mzee. Nikafungua jedwali la gharama. Mstari wa tatu uliandikwa: kusawazisha ardhi yote, greda, siku 21. Nikaufuta kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: mapanga 40, glavu jozi 40.